Mshairi Asiye na Pasi

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Ukungu tangu alfajiri. Vidole vimekufa ganzi juu ya taipureta. Toleo la tatu la jarida langu la mashairi, Kinanda cha Mlimani, linazinduliwa Jumamosi ya wiki ijayo, na karibu mashairi yote niliyoletewa yanasifu josho la ng'ombe. Watu wamesikia kwamba mhariri ni karani wa ofisi ya mifugo hapa Embu. Wakadhani wakilisifu josho nitawapendelea. Nimewapendelea wawili tu.

Bwana D.O., ofisa Mzungu wa serikali hapa Embu, aliniita baada ya chai. Jumamosi alipita buchani kwa Idrisi akakuta maini yamefungwa kwa ukurasa wa nne wa toleo la pili. Ukurasa wa nne ni utenzi wangu. Akasema karatasi za serikali hazikuletwa kutoka Nairobi kufunga maini. Toleo hili likikosa wasomaji, karatasi zitaenda kwenye matangazo ya chanjo, na mimi nitarudi kuhesabu mikia. Nikasema ndiyo, bwana. Memsahibu wake yuko Ulaya, ndiyo maana ana wakati wa kukagua maini.

Idrisi huyo! Mchinjaji tu. Mji mzima unamwita malenga kwa kuwa anaimba akikata nyama. Hajawahi kuniletea hata ubeti mmoja. Husema mashairi yake hayapendi kukaa kwenye karatasi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata dawa. Hakuna mshairi mkubwa asiye na mchokozi. Huko pwani mmoja hurusha shairi la kumsuta mwenzake, mwenzake hujibu, wasomaji hugawanyika pande mbili, jarida hugombaniwa. Mimi hakuna aliyewahi kunichokoza. Kwa heshima, nadhani. Marcella, mke wangu, anasema si heshima, ni kwamba hawajasoma.

Basi nimejitungia mchokozi. Lakabu yake ni Mwana wa Ukungu. Atanitukana ukurasa wa kwanza. Mimi nitasimama ukumbini siku ya uzinduzi nimjibu, nimchape kwa beti hadi watu wamwonee huruma. Ubeti wake wa kwanza ulitoka kabla chai haijapoa:

Kithinji wewe karani, ng'ombe wako wahesabu,
Kalamu i mkononi, beti zatutia tabu,
Vina vyalia njiani, vyatafuta matabibu,
Jitokeze uwanjani, unipatie jawabu.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka. Jamaa ana ulimi mbaya.

Mchana Idrisi akaja ofisini. Kila Jumanne huja kuchukua kibali cha kupanda kule juu, kando ya msitu, kununua ng'ombe. Mimi ndiye ninayekiandika. Yeye ni Mwislamu wa mjini, babu yake alikuja na msafara akabaki, kwa hiyo habari za kitabu cha pasi, kile cha ruhusa ya kusafiri, hazimhusu kama zinavyotuhusu sisi Wameru na Waembu. Anatembea tu. Nilimchelewesha kidogo kwa ajili ya yale maini.

Alhamisi, 8 Agosti

Jana nilimpa Sharifa beti za Mwana wa Ukungu ajifunze. Sharifa ni dada yake Idrisi, anauza mahamri, na hakuna harusi mjini inayonoga bila sauti yake. Ndiye atakayeghani siku ya uzinduzi, maana shairi lisiloimbwa hapa halihesabiwi. Sikumwambia mtunzi ni nani. Asubuhi hii wanawake sokoni wanaimba "vina vyalia njiani" huku wakipepeta maharagwe. Mlinzi wa ofisi yetu ameniuliza kama matabibu wamepatikana. Jarida halijachapwa na tayari limevuma. Mimi ni hodari, ila sisemi.

Mchana nikapeleka kazi kwa Njiru, karani wa pasi katika ofisi ya Bwana D.O. Siku hizi za Emajensi hakuna kinachochapwa kabla Njiru hajakisoma kutafuta kiapo cha Mau Mau. Aliyasoma mashairi ya josho yote, maskini, bila kulalamika. Alipofika kwa Mwana wa Ukungu akatabasamu. Kisha akauliza huyu ni nani, nambari ya pasi yake ni ipi, na anakaa wapi.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikajiuliza ukungu hutoka wapi. Nikajibu anakaa juu, karibu na msitu.

Njiru akaweka kalamu chini. Akanikumbusha, polepole, kwamba karibu na msitu hakai mtu. Wote walihamishwa wakatiwa vijijini, ndani ya handaki na seng'enge. Aliyebaki huko amebaki bila ruhusa, na serikali ina jina lake jingine. Nikasema pengine si karibu sana. Akasema nimlete mbele ya Bwana D.O. siku ya uzinduzi, na pasi yake mkononi. Nisipomleta nitakwenda kambini kuhojiwa mimi, kwa kuwa anayejuana na mtu wa msituni ni mtu wa msituni.

Kinyua wa duka la mkate alitajwa tu na jirani, mwaka juzi. Mpaka leo mkewe anauza mkate peke yake. Niliogopa. Naandika hivyo kwa vile hakuna asomaye humu. Nilitembea hadi nyumbani, na mlangoni ndipo nilikumbuka kwamba baiskeli niliiacha kwa Bwana D.O.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeamka na jibu. Afe! Maiti haiulizwi pasi.

Nilimwendea Njiru mapema, uso nimeukunja. Nikamwambia Mwana wa Ukungu ameaga dunia kwa homa ya mapafu, baridi ya kule si mchezo. Njiru akavua kofia. Akauliza kaburi liko wapi. Mtu akifa kando ya msitu bila chifu kuarifiwa, askari lazima wapande wamfukue wamtazame sura. Watapanda Jumatatu, na mimi nitawaonyesha njia.

Kabla sijafika nyumbani msiba ulikuwa umenitangulia. Sharifa amefunga biashara. Wanawake wamejaa uani kwangu, Waislamu upande huu, wa misheni upande ule, wanalia na kubishana marehemu alikuwa wa dini gani. Wameleta sukari, unga, kuku. Idrisi ametuma mguu mzima wa mbuzi, na hakuufunga kwa jarida. Nimekaa mji huu miaka na miaka. Nilipolazwa na tumbo hakuna aliyeniletea hata limau.

Marcella aliwapikia wote. Walipokwenda kuwahi kafyu akaniuliza kama marehemu ndiye yule niliyekuwa nikicheka naye Jumanne. Nikasema ndiye. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alitoa blanketi zito sandukuni, akalikunja, akaliweka karibu na mlango pamoja na kipande cha sabuni na shati safi. Akasema, "Baba Kiende, afadhali wakuchukue ukiwa na blanketi. Mke wa Kinyua mpaka leo anajilaumu." Nilitamani anigombeze tu kama siku zote.

Jumapili, 11 Agosti

Amefufuka. Nilimvizia Njiru nje ya kanisa nikamweleza kwamba kumbe alizirai tu. Njiru alimshukuru Mungu. Akaongeza kwamba mtu aliyeshinda hata kifo hana udhuru wa kukosa Jumamosi.

Wanawake wamefurahi mno. Sharifa alipiga vigelegele barabarani. Hakuna aliyedai kuku wake, na ni vizuri, kwa sababu ameshaliwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilijaribu kuliondoa shairi jaridani. Nikamwambia Sharifa kuna upungufu wa nafasi. Akaniangalia kama mtu anayetaka kumpunja mahamri. Akasema nikimtoa Mwana wa Ukungu niimbe mwenyewe hayo ya josho. Nikaenda kwa Njiru, nikasema mhariri ameona vina si vizuri. Akasema vina ni vizuri sana, na kwamba Bwana D.O. amesikika akiimba kibwagizo bafuni.

Hapo ndipo nilipowaza kwamba ukungu huu una mizizi.

Jumanne, 13 Agosti

Mithika amefika! Ni binamu yangu wa Igoji, nilimtumia neno kwa dereva wa lori. Ana pasi halali na sura ya ushairi, yaani amekonda. Chifu wake amemruhusu kuja Embu, na kwa kuwa kila safari lazima iandikiwe sababu, imeandikwa anakuja kununua mbuzi.

Nilimweleza kazi. Asimame, aseme yeye ni Mwana wa Ukungu, anatoka kijiji fulani kilicho karibu na kile kilichoko karibu na msitu, aghani ubeti mmoja, aketi. Shida ni kwamba Mithika shule aliichungulia tu, na Kiswahili chake ni cha kuulizia bei. Anaghani kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nikamwambia apumue kabla ya "matabibu". Akaniuliza kwa Kimeru hivi vina ni watoto wa nani, na kwa nini wameachwa njiani. Marcella akatoka nje.

Idrisi naye akaja kuchukua kibali chake. Akauliza, "Bwana karani, na yule mgonjwa wako wa msituni, anaendeleaje?" Nikasema hajambo. Akasema yeye hupita huko kila wiki na hajapata kuona mtu ila askari na nyani. Nikajifanya natafuta muhuri. Akasema lakini beti ni tamu, aliyezitunga alikuwa na furaha siku ile. Safari hii sikumchelewesha. Sipendi anavyonitazama.

Alhamisi, 15 Agosti

Jibu langu halitoki. Nimekaa nalo jana na leo. Kila nikiandika mstari namsikia Mwana wa Ukungu akiucheka, na kila akiucheka naona ana haki. Nimefuta. Nimeandika. Nimefuta. Sasa nina ubeti mmoja, na ndani yake kuna josho. Sijui liliingiaje.

Tumezungusha mashine ya kuchapia mchana kutwa. Wino umefika masikioni. Mithika sikumwona hadi jioni, eti alikwenda kutazama mbuzi. Nikamwambia mbuzi ni maneno ya pasi tu. Akaitoa pasi mfukoni, akanionyesha. Imeandikwa mbuzi, imepigwa muhuri, na yeye hawezi kuudanganya muhuri. Ana watoto.

Nikamuuliza, na mimi je? Akasema nami nina mtoto, nilipaswa kukumbuka.

Jumamosi, 17 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hawakuja kuniona mimi, lakini umati ni umati. Bwana D.O. mbele, Bwana Mifugo, mkuu wangu wa kazi, kando yake, Njiru amesimama ukutani, askari wawili mlangoni. Tulipewa ruhusa ya mkutano hadi saa kumi na moja ili watu wawahi makwao kabla ya kafyu.

Sharifa akaghani. Siwezi kusema uongo hapa, lilikuwa shairi zuri. Watu waliitikia kibwagizo, hata wale askari. Kwa muda mfupi nilisahau kwamba ni mimi ninayetukanwa, na nikakumbuka tu kwamba ni mimi niliyetunga. Nilitaka kusimama juu ya kiti niwaambie. Sikumbuki kutaka kitu hivyo maishani.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisoma jibu. Josho lilipotajwa mtu alikohoa. Bwana Mifugo alipiga makofi, peke yake.

Njiru akasogea mbele. Akasema sasa Mwana wa Ukungu ajitokeze, pasi mkononi.

Nilimtazama Mithika. Alikuwa mstari wa tatu, na mbuzi. Amemnunua kweli. Alisimama. Askari mmoja akapiga hatua kumwelekea. Mithika akainua pasi juu ya kichwa, akasema kwa Kiswahili safi ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake: "Mimi nilikuja kununua mbuzi, na mbuzi ndiye huyu." Akaketi. Mbuzi akaunga mkono.

Hakuna aliyecheka. Bwana D.O. alinigeukia. Nyuma kabisa nilimwona Marcella, leso mdomoni, na nikaliona lile blanketi karibu na mlango kana kwamba lilikuwa mbele yangu. Nikafungua kinywa niseme ukweli, au uongo mwingine, sijui ungekuwa upi.

Ndipo Idrisi akasimama, aproni yake ya bucha bado kiunoni.

Akasema, "Ni mimi, bwana."

Akaeleza kwa utulivu. Hupanda huko juu kila Jumanne kununua ng'ombe. Ukungu humkuta njiani, na beti humjia humo. Anayetaka ushahidi aangalie vibali katika ofisi ya mifugo, Bwana karani ndiye huviandika kwa mkono wake. Pasi hana kwa kuwa hatakiwi kuwa nayo, Njiru anajua. Na kuhusu kufa, alishikwa na mafua na watu wakatia chumvi. Kisha akarusha beti nne zaidi, bila karatasi, zote zikinihusu mimi, na moja ikimhusu mbuzi. Watu walicheka wakashikana mabega. Njiru alijifuta macho. Bwana D.O. akasema hivi ndivyo watu wanavyopaswa kutumia mchana wao, akatoa karatasi za matoleo mengine, kwa sharti kwamba Mwana wa Ukungu aandike katika kila toleo, ikiwezekana kuhusu josho. Nakala zote zimekwisha. Watu waliziingiza ndani ya nguo kuzikinga na manyunyu.

Mwizi! Amesimama mchana kweupe akachukua mtu niliyemzaa, nikamzika, nikamfufua. Na siwezi kumshtaki. Nikisema ukweli nina mtu wa msituni tena.

Watu wakitoka, Idrisi alinishika bega akasema kwa sauti ya chini, "Siku nyingine, Bwana karani, ukizaa mtu, mweke penye barabara. Na usimuue ovyo. Dada yangu alilia machozi ya kweli." Wivu mtupu. Marcella alimshika Idrisi mkono kwa mikono yake yote miwili. Tulipofika nyumbani akalikunjua lile blanketi, akalitandika kitandani kwetu, akaketi juu yake akalia. Sijui analilia nini, na jarida limekwisha lote.

Jumapili, 18 Agosti

Nilipita buchani nikitoka kanisani. Ukurasa wa kwanza umebandikwa ukutani, juu ya mizani. Nyama anafunga kwa ukurasa wa tatu. Wa tatu ni jibu langu. Wateja wanamwita Mwana wa Ukungu, naye anaitika. Mithika ameondoka na mbuzi wake, siku zake kwenye pasi zimekwisha. Alinishukuru kwa safari.

Nimewaza hadi chakula cha mchana. Idrisi hawezi kuachwa hivi. Lazima ajibiwe, na kwamba mimi siwezi kumjibu, ukumbi mzima ni shahidi. Basi nimempata atakayeweza. Mwanamke! Nani atamshuku mwanamke? Lakabu yake ni Binti Mawingu. Atamsuta Idrisi hadi afunge bucha. Ubeti wa kwanza umetoka kabla chai haijapoa, na nimecheka peke yangu. Marcella akauliza ninacheka na nani. Nikasema hakuna.

Mimi si mtu wa kurudia kosa. Njiru akiuliza Binti Mawingu anakaa wapi, sitababaika. Msituni hakai. Kijijini hakai, huko chifu anaweza kumtafuta. Na penye barabara ni pazuri, hilo nakubali, ingawa limesemwa na mwizi. Nimemchagulia nyumba iliyo kando ya barabara ya lami, yenye mlinzi, ambayo hakuna askari atakayethubutu kuipekua. Anakaa kwa Bwana D.O., chumba cha nyuma. Pasi ya nini tena?

Memsahibu anarudi kutoka Ulaya Alhamisi. Nasikia anajifunza Kiswahili na anapenda sana mashairi. Nitampelekea ubeti wa kwanza mimi mwenyewe, na nitamweleza mtunzi anakaa wapi.